Shamsa Bado Anangoja Ajibiwe

Mama,

Ungekuwepo ungeniuliza kwanza kama nimekula. Nimekula, ugali wa jana, tena nikiwa nimesimama. Sasa niache niseme, maana kichwa kimenivurugika na kila ninayemwambia ananiambia nitulie.

Mjukuu wako anaongea. Si maneno, bado hajatimiza mwaka, maneno atayatoa wapi? Ni zile ba-ba na da-da na mate yakimchuruzika kidevuni. Lakini Mama, anaongea kwa sauti yako! Tangu tukuzike kule Ahero, tope likitushika miguu, nyumbani kwetu hakuna anayeongea Kijaluo. Mimi niko kazini, baba yake ni Mswahili wa hapa mjini, na anayemlea sasa ni mama mkwe. Juzi nilirudi nikamkuta Shamsa amekaa kando ya uteo wako. Akaupiga kofi, akasema "bababa-daa?" Sauti akaanzia juu, akateremka, mwishoni akapandisha kidogo, vile vile ulivyokuwa ukimuuliza. Nikaitika, "Eeh, Mama," kabla sijafikiri. Kisha nikashika mlango, sijui kwa furaha au kwa woga.

Mafuriko yalipokutoa kwako ulikuja kwetu na gunia la mchele na huo uteo. Ulikuwa ukikaa kizingitini ukichambua mchele, Shamsa amelala juu ya miguu yako uliyoinyoosha, unamuuliza, "Iwacho ni ang'o?" Unasema nini? Halafu unanyamaza, mkono umetulia ndani ya mchele, mpaka atoe kasauti kake. "Adier?" unamwambia. Kweli? Kama mama wawili wanaomsengenya jirani. Nilikucheka, nikasema huyu hajui kitu. Ukanijibu bila kuniangalia, "Anajua zamu yake."

Na jina lake lilivyokushinda! Ulimwita Samsa. Mama mkwe akawa anakusahihisha, "Shamsa, mama Atieno, sema shh." Ukamwambia hiyo shh ni ya kunyamazisha watoto, na wewe huyu unataka aongee. Mlicheka mpaka mchele ukamwagika.

Sasa sikia kilichonichanganya. Mama mdogo Awuor alikuja kututembelea. Mtoto alikuwa analia tangu mchana, maziwa hataki, mgongo hataki. Mdogo wako akampakata akaanza kumtajia majina ya watu wetu waliokufa, vile mnavyofanya kwa mtoto asiyenyamaza, kwamba akitulia kwa jina fulani basi mwenye jina ndiye amekuja. Akamtaja babu, kilio kikazidi. Akataja shangazi zako, bado. Akataja jina lako, "Anyango?" Mama, alinyamaza papo hapo. Akakodoa macho, akawa anautazama mdomo wa mama mdogo.

"Si mnaona!" mama mdogo akasema, machozi yanamtoka. "Huyu ni nyanya yake amerudi. Muite Anyango, msibishane na mimi."

Mama mkwe naye hakukasirika, alinyoosha mkeka tu. "Jina alishapewa siku ya saba, na mbuzi akachinjwa. Mtoto amesikia sauti ya aliyemlea, basi. Nyinyi ndugu wawili, nani anaweza kuwatofautisha mkiongea?"

Na ni kweli. Mama mdogo akikuita kutoka nje, baba alikuwa akidhani ni wewe unajiita. Sasa mtoto alinyamazia jina, au alinyamazia sauti? Nimelala na swali hilo na kuamka nalo.

Nikamuuliza nesi wa kliniki. Akacheka, akasema watoto hushika wimbo wa lugha kabla ya maneno yake, tena wanaanza kuusikia wakiwa tumboni. "Lakini wasichokisikia wanakiacha, mama." Wanaacha? "Wanaacha, pole pole." Nilitoka pale nimebeba mtoto, nikaipita njia ya nyumbani bila kuiona. Maana kama umerudi, nitakuona akikua. Lakini kama ni sikio tu, basi unatutoka mara ya pili, kidogo kidogo, kupitia mdomo wa mwanangu, na mimi natazama.

Utaniuliza kwa nini nisimwongeleshe mimi. Mama, tangu mazishi, nikifungua mdomo kwa Kijaluo machozi yanatangulia. Kwa hiyo naongea naye Kiswahili, tena kile cha adabu, kama mgeni aliyekuja ofisini. Nakasirika. Sijui namkasirikia nani. Labda wewe.

Leo Jumapili mama mkwe ametoka. Nikachukua uteo, nikamimina mchele, nikakaa kizingitini, nikanyoosha miguu kama wewe. Shamsa akaja akitambaa, akashika ukingo, akaniuliza lile swali lenu. Akanyamaza. Mdomo wazi, macho kwangu, mkono umetulia ndani ya mchele. Ndipo nikaelewa, Mama. Siku zote hizi amekuwa akiuliza na kungoja, na sisi tulidhani amemaliza kusema.

Nikamwambia, "Adier?" Ilikuwa kilio zaidi kuliko swali. Akacheka! Akanijibu jibu refu, la kupanda na kushuka, na mate yakaniingia jichoni. Nikamuuliza tena. Tuliongea hivyo mpaka jua likafika kizingitini, na mawe sikuyatoa, kwa hiyo mchana huu watu watatafuna kokoto na sitaomba radhi.

Habari ya jina bado sijui. Mama mdogo anapiga simu, baba yake anasema tumwite yote mawili, mama mkwe ananyoosha mkeka. Kama umo ndani yake au umo sikioni mwake tu, hilo pia sijui. Pengine ungeniuliza tofauti ni nini.

Oriti, Mama, kwaheri. Ardhi ya Ahero ikauke, ulale pakavu. Nakuahidi Shamsa hatangoja tena. Akiuliza nitamjibu, kwa Kijaluo, hata kama nalia, mpaka azoee kwamba mama yake hujibu akilia.

Zamu yako nimeishika.

Mwanao,
Atieno