Madebe Sita na Mkuki wa Mjomba

Jumatatu, 3 Juni 1957

Leo mpaka adhuhuri taa nne. Ya tano imevuja, nikaificha chini ya benchi kabla Fundi Abdala hajaiona. Kaiona. Mzee yule wa Pangani ana macho hata kisogoni. Kanifumulisha mshono wote nianze upya: kunja, gonga, kunja tena, gonga, ndipo upake lehemu. Kwa nini mara mbili? Koroboi ni ya kuwasha, haiendi vitani. Nikamwambia hivyo hivyo. Kofi.

"Mkunjo mmoja ni kazi ya mlevi," kasema.

Mzee anachosha. Lakini Nyakakika nzima hakuna mtu wa darasa la nne anayekata bati kama mimi. Daftari hili halina wa kubisha.

Alhamisi, 6 Juni

Mjomba Rwabuti kaja kwa miguu kutoka Kimuli. Hata chai hakumaliza. Tangu baba afariki yeye ndiye msemaji wa nyumba yetu. Kamwambia mama: sikukuu ya Petro na Paulo ikipita, kama Fundi hajatamka kwa kinywa chake kwamba Novati anafaa kazi, namchukua akachunge ng'ombe wangu. Kaongea kana kwamba mimi ni mbuzi aliyefungwa pale mlangoni. Mama kaitikia tu.

Ng'ombe siwataki. Ng'ombe hataniwi. Mtu kama mimi atakufa kule.

Jumamosi, 8 Juni

Dukani wamenifungia sukari kwa ukurasa wa gazeti la Kizungu. Picha! Mtu kavaa chuma kitupu, kichwa ndani ya kitu kama chungu, waya umesimama utosini, mpira unatoka mdomoni kwenda mgongoni. Nyuma yake mawe na nyota. Karani wa kahawa kanisomea. Ni hadithi ya kubuni, kasema, watu wa siku zijazo watakaokwenda mwezini, na vazi lile ndilo litawapa pumzi.

Nikasema vazi lile naweza kulitengeneza. Karani kacheka. Projesti rafiki yangu kacheka zaidi, mate yakamtoka. Basi nikatangaza mbele ya duka zima: siku ya Petro na Paulo, kwenye michezo ya misheni, Mtu wa Mwezini atashuka kilima kwa miguu yake.

Mdomo huu utaniua siku moja.

Jumatano, 12 Juni

Zamu yangu ya kulinda mahindi. Saa tisa alasiri nyani wakaingia, dume moja kubwa mbele, linatembea kama lina hati ya shamba. Nikapiga debe. Mama akapiga enduru, lile yowe letu la hatari, na migomba yote ikamjibu. Kufumba na kufumbua wanaume wana mikuki, wanawake wana mapanga, mbwa hawahesabiki. Ndivyo ilivyo hapa. Debe likilia shambani, mtu anakuja kwanza, anauliza baadaye.

Dume limemrarua mbwa wa jirani, likatoroka. Nilikimbia kuliko wote. Nililifukuza, sikulikimbia. Naandika isije ikasahaulika.

Jumatatu, 17 Juni

Fundi kaenda Bukoba kununua lehemu na asidi. Atarudi Jumapili baada ya sikukuu. Kaniachia ufunguo, madebe sita matupu, na agizo: koroboi thelathini za misheni, zichukuliwe Jumatatu.

"Nikikuta taa, mjomba wako nitamjibu mimi. Nikikuta maneno, nenda kachunge."

Nikaitikia kwa adabu kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Lori halijapotea machoni nimeshashika mkasi.

Shauri langu: nafanya vazi kwanza. Jumamosi navaa, watu wanazimia. Jumamosi hiyo hiyo nalifumua, nakata taa mpaka Jumapili. Bati ni lile lile. Nani mwingine angefikiria hivyo?

Ijumaa, 21 Juni

Kifua kimekwisha. Mabati mawili, yameungana katikati kuanzia shingoni hadi kitovuni. Nilitaka kukunja mara moja tu, nani atatazama? Mkono umekunja mara mbili wenyewe. Mzee kaniharibu.

Kichwa ni debe zima, matundu mawili ya macho. Utosini spoki ya baiskeli. Mpira wa baiskeli ndio pumzi. Kifuani kioo cha tochi mbovu. Nimelisugua vazi lote kwa majivu, ukilitazama juani unatoa machozi.

Taa: sifuri.

Jumanne, 25 Juni

Projesti kanifungia mabati ya mikono na miguu, kupima. Sikulala vizuri, sijui kwa nini naandika hivi. Nahesabu siku na hazitoshi. Koroboi thelathini kwa siku moja na nusu! Fundi mwenyewe hawezi. Nilijua hivyo tangu mwanzo, nikajifanya sijui. Ningeweza kuacha leo. Nifumue, nikate taa, nichekwe mwezi mzima. Nimefika mpaka kushika koleo. Nikaliweka chini.

Naogopa kuchekwa kuliko ng'ombe. Ndiyo hivyo.

Alhamisi, 27 Juni

Leo herufi zimepinda, daftari litanisamehe.

Jaribio lilikuwa leo mchana. Tulivalia nyuma ya nyumba ya Fundi. Projesti akafunga kichwa na kifua kwa waya, nyuma, ambako mikono yangu haifiki. Nikamwambia tupite migombani, nisionwe kabla ya siku. Akili hiyo! Kila hatua goti linagonga goti, kiwiko kinagonga mbavu. Ndani ya debe nilisikia kama kengele za kanisa. Nikafurahi. Nikaongeza mwendo.

Kisha enduru. Ya kwanza mbali. Ya pili karibu. Nikafikiri, nyani wamerudi, maskini watu. Wallahi nilifikiri hivyo. Nilipogeuza debe zima kumtafuta Projesti, hakuwapo, na mbwa walikuwa tayari miguuni. Ndipo nikaelewa kwamba debe lililokuwa linalia shambani ni mimi.

Nikapiga kelele: ni mimi, Novati! Sauti ikazunguka kichwani ikatoka kwa mpira kama mngurumo. Mbwa wakazidi. Nikavuta kichwa, waya haukutoka. Pumzi ikaisha. Matundu ya macho yakajaa jasho. Niliona migomba, kivuli, halafu mtu mmoja anatoka kwenye kivuli na mkuki.

Ulikuja katikati ya kifua. Nilisikia bati linalia, nikaanguka chali. Nilijua nimekufa. Sikuwaza mwezini wala sikukuu. Nilimwaza mama.

Spoki ikavunjika, mtu akakata waya, jua likaniingia usoni. Mama alikuwa anapiga kelele jina langu. Mwenye mkuki alikuwa amepiga magoti. Mjomba Rwabuti. Alikuwa ametoka Kimuli asubuhi kuja kungoja sikukuu ipite anichukue, kasikia enduru akiwa njiani, katoka mbio kama mwanaume yeyote.

"Mwihwa wangu," akawa anasema. Mpwa wangu, mpwa wangu.

Nikasema, "Shikamoo mjomba."

Alikuwa anapapasa kifua changu kama kipofu.

Ijumaa, 28 Juni

Kidonda ni urefu wa ukucha. Mkuki uliangukia kwenye mshono. Pale bati ni tabaka nne. Umetoboa, umekwama, ncha tu imenifikia.

Mkunjo mmoja ungekuwa tabaka mbili.

Projesti kaja kuomba radhi, analia. Nikamtania kidogo. Halafu na mimi nikalia.

Jumamosi, 29 Juni

Petro na Paulo. Ngoma za misheni zinasikika mpaka hapa. Sikwenda. Nafumua vazi, nakata koroboi. Mjomba kakaa mlangoni toka asubuhi. Saa sita kaingia, kachukua nyundo ya mti, kaniuliza wapi pa kugonga. Anagonga vibaya sana. Sikumwambia.

Jumapili, 30 Juni

Fundi karudi. Koroboi ishirini na tano; mjomba na mimi tumekesha. Nikasema yote, sikupunguza. Nikampa bati la kifua. Kalitazama juani, kaweka kidole kwenye tundu, kakipitisha polepole juu ya mkunjo, toka shingoni hadi kitovuni.

"Taa tano pungufu," kamwambia mjomba. "Hizo atazilipa kwa jasho, hapa hapa. Kazi anaijua."

"Sikuja tena kumchukua," mjomba kasema.

Tundu lile halizibiki bati likafaa taa. Fundi kanipa msumari: toboa mengine pembeni yake, iwe sahani ya jiko, majivu yapite. Nikatoboa. Bati lilikuwa baridi, na lile tundu la mkuki ndilo kubwa kuliko yote.

Jioni mjomba kaifunga ile sahani ya jiko kwenye kitambaa, kaiweka begani. Kimuli kuna baridi, kasema, itawafaa wachungaji wake kwenye jiko lao. Mkuki wake kauacha nyuma ya mlango wa mama.

Nikamsindikiza mpaka mwisho wa migomba. Safari hii nilitembea bila bati kulia.