Kikohozi Nyuma ya Tangi la Maji

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu za moyo, na ukishazipokea niambie goti linaendeleaje. Barua yako ya mwisho ulilitaja kwa mstari mmoja tu, na mimi nakujua: ukitaja jambo kwa mstari mmoja, ujue linauma. Sisi huku wazima. Shemeji yako anakusalimu, anasema sweta ulilolisahau ameshalifua na sasa analivaa yeye, kwa hiyo usilidai. Binti yangu, mwanao, amefaulu mtihani wake wa ufundi wa maabara na tayari anajiona daktari. Juzi alinipima mapigo ya moyo mezani kabla sijanywa chai. Mimi mwenyewe, kaka, sijambo kuliko nilivyowahi kuwa, na wa kumshukuru ninaye.

Umeniuliza swali moja, na nimekaa nalo wiki tatu. Umeuliza kama nina nia ya kuiacha na hii sigara ya umeme uliyoninunulia, au ndiyo nimehamia humo moja kwa moja. Ukaongeza kwamba hutapumzika mpaka uone mkono wangu mtupu, kwa kuwa wewe ndiye uliyeniwekea sigara ya kwanza mkononi. Nitakujibu. Ila niache nianze na asante, usije ukasoma ya mwisho ukasahau ya mwanzo.

Unakumbuka ulivyokuja mwaka jana ukakaa kwenye kiti changu nikunyoe. Kinyozi, kaka, mkono wake unaishi puani kwa watu. Huwezi kunyoa sharubu bila kushika mdomo wa juu wa mtu, na vidole vyangu vilikuwa vya njano hadi kwenye kucha. Ulibana pumzi tu, nami nikaona kwenye kioo. Kesho yake ukaja na kiboksi cha hii sigara ya umeme, ukakaa nami siku tisa, ukavumilia visirani vyangu vyote, hata siku ile nilipokurushia brashi ya povu eti kwa sababu unapiga mluzi. Mtu mwingine angefunga mizigo yake. Wewe uliiokota, ukaisuuza, ukanirudishia.

Sasa sikia matunda yake. Ngazi zetu za ghorofa ya nne nilikuwa nikizipanda kwa vituo. Ghorofa ya pili nilisimama nikijifanya natafuta funguo, mpaka jirani mshonaji akajitolea kunishonea mfuko mmoja mkubwa nisihangaike. Siku hizi nafika juu na mfuko wa viazi mkononi, na pumzi ninayo. Yule mwalimu mstaafu aliyekuwa akija kunyolewa kichwa tu, ndevu akijinyolea kwake, asubuhi moja aliniambia nimnyoe na ndevu. Nilimnyoa taratibu kama ninayenyoa yai. Alipumua kawaida, kaka, muda wote! Nilitamani uwepo uone. Na mwanao, ambaye zamani alikuwa akichagua kiti cha dirishani, siku hizi anakaa ubavuni kwangu kwenye kochi. Hilo peke yake nikikushukuru mpaka nife sitamaliza.

Lakini nisikufiche. Sigara ilikuwa na mwisho wake: unaivuta, inaisha, unarudi kazini. Hii, ambayo wateja wameibatiza filimbi, haina mwisho. Navuta kidogo nikibadilisha taulo, kidogo nikingoja maji yachemke, na nimeshajikuta nayo bafuni na sabuni kichwani. Siku niliyoisahau nyumbani nilimkata mteja sikio, kidogo tu, nikamsingizia kwamba ametikisika.

Basi swali lako likanifanya niwaulize wenzangu wanaokuja na filimbi zao dukani, wote waliokuwa wavutaji wa sigara kama mimi. Dereva wa lori alisema yeye ameshaacha, tena mara nne. Mwoka mikate akasema ataacha binti yake akiolewa, na binti mwenyewe ana miaka minne. Fundi saa ndiye aliyenena bila kuzunguka: hana nia yoyote, ametoka kwenye moto na hapo alipo panamtosha, asisumbuliwe. Wengine nia wanayo, siku ndiyo hawana. Tulicheka sana. Kisha mwoka mikate akanigeuzia swali, na mimi nikatoa lile jibu langu la miaka yote, kwamba kaka yangu ndiye aliyenianzisha, basi akaulizwe yeye. Watu wakacheka tena. Mimi niligeukia kunoa wembe, kwa sababu barua yako ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu, na yale maneno yako ya kutopumzika yalikuwa humo.

Kaka, kama umesimama, kaa chini.

Siku ile nyuma ya tangi la maji, mimi nina miaka kumi na mitatu na wewe kumi na saba, ulinipa sigara yako nivute mara moja kwa kuwa nilikuwa nimekuganda tangu asubuhi. Nilivuta, nikakohoa hadi machozi, na kikohozi hicho ndicho kilichomleta baba. Ukachapwa wewe. Ukaambiwa mbele ya ukoo mzima kwamba umemharibu mdogo wako, na shangazi akalishika neno hilo, akawa analirudia kila harusi na kila msiba. Mama alipokuwa kitandani siku zake za mwisho alikuita, akakuambia uniangalie, kwa kuwa wewe ndiye uliyenipoteza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilisikia, nikanyamaza.

Kikohozi kile kilikuwa cha uongo. Nilikuwa navuta tangu mwaka uliotangulia, naiba mojamoja kwenye koti la baba, naenda kuvutia vyooni shuleni. Nilikohoa ili usijue kwamba nimeshazoea, nikazidisha, baba akasikia. Tangu hapo uongo ule ukanifaa. Kila aliyeniambia niache sigara, nilimwonyesha wewe. Miaka thelathini na moja umenibebea mzigo wangu, na bado ukafunga safari kuja kunitua mwingine. Naona haya, kaka. Naona haya mno.

Utauliza kwa nini nimesema leo. Ni kwa sababu swali lako limenishinda kulijibu bila hili. Nikisema nina nia ya kuacha, lazima kwanza niseme ni nani aliyeanza.

Shangazi nimeshampigia simu. Nilianza na yeye kusudi, maana jambo ukishamwambia shangazi huwezi tena kulirudisha tumboni. Akasema kumbe ndiyo maana marehemu baba alikuwa akimshuku yeye, enzi zile anaishi nasi, kwa sigara zilizokuwa zikipungua kotini. Anakuomba radhi, na mimi ameniahidi kwamba harusi ijayo ni zamu yangu. Shemeji yako naye nimemwambia. Alinisogezea kalamu, akasema niandike haraka kabla sijabadili mawazo.

Kwa hiyo jibu lako hili hapa: ndiyo, nina nia. Maji ninayotia kwenye filimbi sasa ni yale yenye nikotini kidogo kuliko yote dukani, na mteja akiwa kitini siigusi. Siku ya mwisho siijui, na sitakutajia siku ya kubuni ili nikudanganye kwa mara nyingine. Ila nikishindwa, nimeshindwa mimi. Wewe huna lako hapo. Pumzika, kaka. Hukunianzisha wewe. Wewe uliniachisha sigara, na hakuna mwingine duniani aliyenivumilia hivyo.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, mmoja mmoja kwa jina lake. Na kama una hasira nami, iandike yote, usipunguze hata neno. Nitaisoma kwa sauti mbele ya shemeji yako na mwanao, nimesimama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Sindano