Jenereta Uliyomtumia Mama

Karatu, Jumapili

Kaka Fabian,

Huku nyumbani hatujambo kiasi. Mahindi yamebeba vizuri, na mwanangu Angela amepata kipaimara.

Jenereta imefika. Kaka, nilikwambia mashine ya oksijeni ya Mama inataka jenereta kubwa, ukanijibu, "Ndogo inatosha, si mnawasha taa tu?" Jana umeme ulikatika. Tulipochomeka mashine, jenereta yako ikakoroma, ikazimika. Midomo ya Mama ilishaanza kubadilika rangi ndipo jirani yetu Patrisi, yule fundi wa kuchomelea, akaja mbio na ya kwake.

Mama alipopata pumzi alisema, "Fabian asiambiwe, ataumia."

Patrisi anachukua jenereta yake kesho, ana kazi. Mimi nakuambia. Umia, kisha utume kubwa.

Mdogo wako,
Germana