Nilifurahi Bila Mume Wangu, Sasa Anauza Boti Yake

Mpendwa Shangazi Foekje, naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho, maana hapa nilipo nimeshika kalamu huku namwangalia mume wangu kupitia dirisha la jikoni, anaisugua boti yake ing'ae kwa ajili ya mtu mwingine, na mwenye kosa ni mimi.

Mimi na Douwe tumeoana zaidi ya miaka thelathini, na kila kiangazi tulikuwa tunapakia baiskeli zetu kwenye treni tunaenda kuuzunguka mji wa watu, Ghent, Münster, Bremen, yeye mbele mimi nyuma, ndivyo ilivyokuwa tangu uchumba, yeye ana ramani kichwani na mimi nina mgongo wake, hata leo ukiniuliza Bremen kukoje nitakueleza vizuri zaidi ule mkoba mwekundu wa nyuma ya baiskeli yake kuliko majengo yenyewe. Mwaka juzi goti likamshinda, wakampasua, wakamtengeneza, lakini halikunji tena kiasi cha kukanyaga pedeli, na kiangazi hiki akaniambia mwenyewe, "Wewe nenda Kopenhagen, mke wangu, usioze humu ndani kwa ajili ya goti langu." Nikalia, nikafunga mizigo, nikaenda wiki nzima.

Sasa ndipo aibu inapoanza. Shangazi, nilifurahi. Asubuhi ya kwanza tu nilisimama darajani kuwatazama watu wanaoogelea bandarini, nikasimama kama tunavyosimama huku kwetu, papo hapo, kumbe kule mwenye baiskeli anayetaka kusimama hunyanyua mkono kwanza, basi mama mmoja akanivaa kwa nyuma na baiskeli yake na mikate yake ya iliki ikatawanyika njia nzima.

"Mkono, mama! Mkono umeuacha nyumbani?"

"Nisamehe, dada. Kwetu hatunyanyui."

"Kwenu ndiyo wapi huko?"

"Uholanzi."

"Uholanzi! Na mnavyojisifu mmezaliwa juu ya baiskeli!"

Tulicheka mpaka watu wakatukwepa kwa hasira, tukaenda kukaa kando ya maji tukala ile mikate iliyosalimika, anaitwa Ingelise, akaniuliza baada ya hapo naelekea wapi, na hapo, Shangazi, nikagundua kwamba sijui, na kule kutojua kukawa kutamu ajabu. Tangu siku ile nikawa nakata kona kwa sababu nimependa koti la mtu aliyekata kona hiyo, au kwa sababu upepo unanisukuma upande ule, nikapotea kwenye kisiwa cha Amager hadi nikatokea ufukweni, nikala chakula changu cha mchana makaburini Assistens kati ya familia zilizotandika mablanketi yao, njia moja nikaipita mara mbili kwa kuwa niliipenda tu, jambo ambalo Douwe hangelikubali hata kwa dawa.

Kila jioni nilimpigia simu na kila jioni nilimdanganya.

"Vipi huko, peke yako?"

"Hovyo tu, Douwe. Bila wewe mji hauna ladha."

"Pole, mama. Hata hapa nyumba imekuwa kaburi."

Mara nyingine sikumsikia vizuri kwa kelele za upepo na tanga linalopigapiga, maana alikuwa ziwani, maskini, akijiliwaza na boti yake, siku moja hata alinikatia simu haraka akasema upepo umegeuka. Niliporudi nikakuta jikoni kunanuka mikunga ya kukaanga na vitunguu, wale samaki kama nyoka, chakula nilichokipiga marufuku ndani ya nyumba hii tangu watoto wakiwa wadogo, nikajua mwanaume wa watu amekosa mpishi, nikazidi kujilaumu. Kesho yake jirani yetu Sjoerd akaja kunywa kahawa, akaniuliza kwa utani, "Haya, ulimkumbuka mzee?" nami nikajibu, "Kila kona nilimwona mbele yangu." Douwe akajaa machozi mbele ya mgeni.

Kumbe nilikuwa najichimbia shimo. Wiki iliyopita ameniletea picha ya ile baiskeli ya magurudumu matatu, ya watu wawili kukaa bega kwa bega, mmoja anakanyaga na mwingine amekaa tu, akasema, "Sitakuacha uteseke tena peke yako." Ili kuipata anaiuza boti, ile aliyoijenga na marehemu baba yake, anamuuzia Sjoerd, na Sjoerd anakuja kuichukua Jumamosi. Nikamwambia subiri kwanza, akanishika mkono: "Boti haifiki Kopenhagen, mke wangu." Sasa nikisema ukweli nitakuwa nimemwambia mtu mwenye goti bovu kwamba nilistarehe pale tu alipobaki nyuma, na nikinyamaza atapoteza boti ya baba yake, nami nitazunguka miji ya watu mpaka nizeeke huku ananiambia pinda kulia, pinda kushoto. Nampenda, Shangazi, hilo usilitilie shaka. Nifanyeje?

Tjitske, Grou

*

Tjitske, pole. Nimesikia uchungu wako na nimeusikia kweli. Ila uliniomba nisicheke na nimeshindwa, kwa sababu mikunga hiyo umeiandika wewe mwenyewe, si mimi.

Hivi barua yako uliisoma kabla ya kuituma? Mwanaume aliyekosa mpishi hula mkate na jibini akiwa amesimama. Mikunga hainunuliwi kwa bahati mbaya. Inachunwa, inakatwa, inakaangwa taratibu na vitunguu, na mtu anakaa chini kuila. Hiyo si njaa, mwanangu, hiyo ni sikukuu. Na mtu ambaye nyumba yake imekuwa kaburi, mbona kila jioni yuko ziwani na tanga limejaa, mpaka mkewe anakatiwa simu kwa sababu ya upepo? Mume wako alikuwa na wiki nzuri sana. Alikudanganya kama ulivyomdanganya, kwa upendo uleule, na sasa kila mmoja anataka kumtoa mwenzake kwenye mateso ambayo hayapo.

Basi acha kujipiga kifuani. Ungefurahi na mwanaume mwingine, leo tungezungumza lugha nyingine kabisa. Wewe ulifurahi na kona. Mtu aliyefuata mgongo wa mwenzake miaka yote hiyo ana haki ya kutazama mbele walau wiki moja, na hilo halimpunguzii Douwe hata unywele.

Kosa unalo, na silipaki sukari. Ulimpa mumeo uongo kila jioni ukadhani unamlisha huruma. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, yako imeishia kwenye boti ya marehemu mkwe wako. Ungemwambia siku ya kwanza, "Douwe, nimegongwa darajani, na nina raha," angecheka, angekuuliza umegongwa na nani, na Sjoerd angebaki mtu wa kahawa tu.

Sasa sikiliza. Usingoje Ijumaa. Usilisemee mezani, na usiliseme Sjoerd akiwepo. Weka kalamu chini, vaa viatu, nenda pale ilipo boti, mwambie akupeleke majini. Humo ndani goti lake halina kazi, yeye ndiye nahodha, na mwanaume husikia vizuri zaidi akiwa mahali ambapo si mgonjwa. Mweleze yote, Ingelise na mikate na makaburi. Kisha mwulize na yeye wiki yake ilikuwaje, halafu unyamaze. Ukimya ni kazi ngumu kwako, naiona kwenye sentensi zako, lakini nyamaza. Akianza kutazama maji na kujikuna shingo, mtajie mikunga.

Huenda nimekosea, huenda kweli aliteseka. Hata hivyo aujue ukweli akiwa bado na boti yake. Akinuna, mwache anune, atanuna siku mbili tatu. Sjoerd mtampigia simu pamoja, mumwambie haiuzwi. Hiyo baiskeli ya bega kwa bega ikodini Jumapili moja mjaribu hapo hapo Grou, na safari hii wewe useme mnapinda wapi. Mkigombana, mtajua mapema. Na kiangazi kijacho nenda tena peke yako, bila kulia, naye abaki na ziwa lake na harufu zake, ila madirisha afungue.

Najua neno unaloliogopa. Unaogopa kumwambia, "Nilifurahi bila wewe." Liseme hivyo hivyo, usilifunike. Likishatoka, mwambie na lile ambalo katika barua yako yote hukuliandika hata mara moja, kwa kuwa unaliona dogo: kwamba siku ya mwisho hakuna aliyekusukuma kupanda treni. Ulirudi kwake kwa sababu ulitaka kurudi.

Shangazi Foekje