Kifundo ya Kasenyi

Bunia, Lumumba

Kwako semeki yangu Tina, kule Beni,

Siye tuko wazima. Mutoto wangu Gaël ameota meno, anauma kila mutu, hata pasta. Soko imefunguka tena, na mimi ninauzisha samaki ya chumvi ya Kasenyi.

Usiogope juu ya barabara. Mama Solange, mwenye kunitumia mizigo kutoka Kasenyi, tulipatana naye mbele ya mashahidi: gunia ikiwa na kifundo yake, mali ni yake, na ikipotea ni hasara yake. Katikati ya mulima, mubebaji wangu Blanchard anaifungua, anaangalia samaki, anafunga kifundo yangu. Kutoka pale, wakiiba, ninalia mimi.

Juzi gunia ilifika na kifundo ya Kasenyi bado. Blanchard alikuwa na hasira: "Mama, imenivunja kucha! Nani anafunga hivi?"

Nikaangalia. Kamba ilizungushwa kwa mukono wa kushoto, ncha imefichwa chini. Semeki, tangu vita ilitutenganisha na Espoir, bwana yako, ndugu yangu, sijaona kifundo ya vile. Nikacheka, nikalia, wateja wakafikiri samaki imeoza.

Nikamuuliza Mama Solange kwa fonie, ile redio ya kuitana. Akajibu: "Yule mufungaji mupya? Anakula kama watu wanne!"

Basi ni yeye.

Gunia nilikata pembeni kwa kisu. Kifundo iko ndani ya hii bahasha. Usiifungue weye. Ngojea mwenye aliifunga.

Semeki yako mwenye kunuka samaki,
Nadège