Kopi ya Kijerumani

Jumatatu, 3 Machi

Sweta za shule ninazofuma zimechelewa. Uzi wa rangi ya maruni umeisha, na mashine moja inaruka mishono. Mume wangu, Baba Brenda, amefika kutoka Nairobi na sanduku refu. Hata chakula hakukiona. Alisukuma sahani pembeni, akafungua.

Bunduki. Kibali anacho, cha michezo ya kulenga shabaha. Imetengenezwa Ujerumani, lakini umbo ni lile lile la AK: magazini iliyopinda, mbao pale unaposhika. Inapiga risasi ndogo.

"Ni kopi tu," akasema, anacheka. "Kama ya kuchezea, bana."

Niliijua kabla hajaitoa yote. Nikarudi kwa mashine.

Jumamosi, 8 Machi

Marafiki zake wa klabu wamekuja hapa nyumbani Kibomet kuiona. Wamepiga picha nayo mmoja baada ya mwingine, wamekunja uso kama watu wa sinema. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuelekezewa bunduki. Baba Brenda anauza mbegu za mahindi. Mwingine ana duka la simenti. Nimewapikia kuku. Nimewachukia wote mpaka walipoondoka.

Na yeye anajua. Hilo ndilo linaniuma. Nilimweleza kabla ya harusi: vijana wa msituni walivyokuja kwetu mlimani na AK zao, walivyomtoa kaka yangu Kiptoo nje, walivyomvunja Mama mkono kwa kitako cha bunduki. Kiptoo hatukumzika. Baba Brenda alilia siku ile nilipomweleza, na mimi ndiye niliyembembeleza.

Nadhani amesahau.

Jumapili, 16 Machi

Nimeenda nao kulenga shabaha, shamba la mmoja wao nje ya Kitale. Baba Brenda amenisihi wiki nzima. "Mama Brenda, jaribu mara moja tu. Hiyo hofu itakutoka."

Ati hofu. Kumbe hakusahau. Afadhali angekuwa amesahau.

Nililala kifudifudi juu ya turubai. Bega halikuuma, mlio ni kama wa kuni kavu zikipasuka. Nilipiga karatasi katikati. Tena. Wakapiga makofi. Lakini mimi nilikuwa nimeshaweka uso pale kwenye karatasi, uso ninaoujua, wa yule aliyemtoa Kiptoo, na nikaendelea kufyatua mpaka ikawa tupu.

Sikupona chochote. Nilitaka risasi zaidi. Hilo limenitisha kuliko bunduki yenyewe.

Alhamisi, 20 Machi

Mama anakuja kesho kutoka Misikhu, alikohamia baada ya yale ya mlimani, ana miadi kliniki ya macho. Atalala kwa kitanda cha Brenda, mtoto yuko shule ya bweni. Nimemwomba Baba Brenda afungie bunduki kabatini. "Si nimesema nitafungia." Nimemkumbusha asubuhi. Nimemkumbusha jioni.

Ijumaa, 21 Machi

Nilimpokea Mama stendi, nikambebea kikapu. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Bunduki ilikuwa kwenye meza ya kulia, juu ya gazeti. Baba Brenda alikuwa akiipaka mafuta. Ana mashindano kesho.

Mama hakupiga kelele. Alivua viatu, akavipanga ukutani. Akaketi sakafuni, akaweka mkono mmoja kichwani. Ule mwingine haufiki. Akainamisha macho, akangoja.

Baba Brenda kwanza alicheka. Alidhani ni uchovu wa safari. "Mama, usijali. Hii ni kopi tu."

Mama akasema polepole, bila kuinua uso, "Watoto hawapo. Chukueni ng'ombe."

Nimekaa naye pale sakafuni, nikimshika, mpaka akanitambua.

Jumamosi, 22 Machi

Tumegombana tangu chai ya asubuhi. Nimesema yote. Yeye akasema, "Hayo ni ya zamani. Na mimi si wao. Mimi nina kibali!" Nikamwambia hicho kibali akamwonyeshe Mama.

Halafu akaangalia saa. Akaenda kwa mashindano.

Nimefunga nguo. Mashine moja nimeipakia kwa pikapu ya jirani. Tumeondoka, mimi na Mama.

Jumapili, 30 Machi

Misikhu. Mvua imeanza, watu wote wako shambani. Huku hakuna anayeniuliza kwa nini nimekuja, nadhani Mama amewakataza.

Leo Baba Brenda amekuja na sukari na mkate. Anasema ameirudisha bunduki kwa muuzaji. Namwamini. Si mwongo, hilo sitamsingizia.

Alipiga magoti mbele ya Mama. Mama akamwinua kwa mkono wake mzima, akamwekea kiti, akamtilia chai. Kisha akarudi kwa ungo wake wa maharagwe. Mwishowe Mama akamuuliza, si kwa hasira, alitaka tu kujua:

"Mwanangu, na ile bunduki mlikuwa mnapiga nini?"

"Karatasi, Mama."

"Karatasi."

Akaendelea kuchambua. Baba Brenda alimaliza chai, akaaga. Sikumsindikiza.