Kambakoche Chini ya Soda

Dada Zuwena mpenzi,

Natumai kifua cha Mama kimepoa. Huku joto halisemeki, na mimi bado nina hasira.

Jana Ami alitupeleka kuvua kwa boti, mbele ya ufuo wa Qurum, hapa Maskati. Rafiki yake akazamia, akaibuka na kambakoche jike, mayai yamemgandia tumboni, akamficha kwenye boksi la barafu chini ya soda.

"Mwenye mayai si anarudishwa?" nikauliza.

"Mwanangu, kibali nnacho," yule rafiki akacheka. "Bahari hii nshailipia."

Ami, ambaye kila siku hutwambia kwamba ada ya kibali ndiyo inayolinda samaki, akajitia kushughulika na mshipi wake. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Unajua mimi hata dukani naona haya kuuliza bei. Nikafungua boksi, nikamtoa yule jike kwa mikono yangu, nikamrudisha majini. Tukarudi nyumbani. Mlangoni Ami akasema polepole, "Kazi ile ilikuwa yangu."

Viganja vimejaa mikwaruzo, lakini sijuti. Nibusie Mama, nami nimekukumbuka sana.

Mdogo wako,
Raiya